Mgeni Apikiwe Nini Kabla ya Nusu Fainali

Benchi letu liko Mugutha, Ruiru, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Magdalene, tunayemwita Mama Kui. Wiki hii halikaliki. Mashindano ya kimataifa ya badminton ya vijana yanachezwa hapo Thika, na Kui wetu, aliyejifunza mchezo kwa kupiga kinyoya, kile kimpira chenye manyoya, juu ya kamba ya nguo za mamake, ameingia nusu fainali! Sasa, waandaaji waliomba familia za karibu zikaribishe wachezaji wa nje, na Mama Kui akapokea msichana mmoja, Nyamizi, kutoka Tabora, Tanzania. Wanalala chumba kimoja na Kui, wanasukana nywele, wanapigana na mito. Jana jioni ratiba ikatoka. Kesho Kui anacheza na nani? Na Nyamizi.

— Mama Kui, akaanza Muthoka, ambaye tunamwita VAR kwa sababu lazima kila jambo alirudie kulichunguza. Leo huyo mgeni unampikia nini?

— Mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi. Sufuria moja, wote wawili.

— Safi! Kui mpe kijiko. Mgeni mpe mlima.

— Wee Muthoka! Unataka nimshindilie mtoto wa watu?

— Kushindilia ni nini? Huo ni ukarimu! Halafu kesho kinyoya kikipita juu ya kichwa, ataruka na nini? Atakipungia tu mkono, kwaheri.

Kicheko kikamwaga kahawa ya watu wawili. Erastus, tunayemwita Pasta Nusu kwa sababu alitoka chuo cha Biblia katikati ya muhula, akainua kidole.

— Mukimo ni laini, ndugu zangu, inateremka haraka. Mpe githeri ya maharagwe na mahindi ngumu. Akikimbilia kinyoya, yeye atafika, tumbo litabaki nyuma likiuliza njia.

— Na refa akishuku?

— Sheria inakataza kugusa neti. Kuhusu maharagwe imenyamaza.

— Aca, hapana! Njau akaruka. Huyu tunamwita Sufuria, kwa sababu hakosi matanga wala harusi. Githeri ni nguvu! Mtamfanya bingwa wa dunia. Mpe uji ya wimbi, jagi nzima, asubuhi. Atacheza akiwa anaangalia mlango wa choo.

— Kwani tunataka kushinda kwa choo?

— Kikombe hakiandikwi umeshinda kwa njia gani!

Mama Kui alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso. Halafu akashusha birika.

— Chekeni. Lakini huyo msichana asubuhi amenimenyea viazi zote, na ananiita Mama. Kui ni damu yangu, nataka ashinde mpaka mifupa inauma. Sasa kesho jioni mmoja atarudi kwangu akilia. Mimi sijalala.

Tukapiga funda moja la kahawa. Kisha Pasta Nusu akapata maono.

— Basi tuache chakula. Tutumie hewa!

— Hewa gani?

— Kinyoya ni kitu chepesi, si ndiyo? Ukumbini wanafunga hata madirisha wakiogopa upepo. Lakini mtaa mzima unaenda kumshangilia Kui. Hayo mapafu yote! Kui akipiga, tunavuta pumzi, tunashika. Mgeni akipiga, tunatoa, fuuu! Kinyoya chake kinatua Murang'a.

— Na waliokula vitunguu wakae mbele, akaongeza VAR.

— Tujaribu! Simameni! Vutaaa! Shika!

Tukasimama, wazee wazima, mashavu yamefura kama ya mtu anayepulizia jiko la makaa mabichi. Ndipo Nyamizi akatokea, begi la raketi begani.

— Shikamooni wajomba.

— Poa! Pasta Nusu akajibu, pumzi yote ikimtoka. Yaani, eeh, marahaba!

— Mnafanya mazoezi gani?

— Ya... mapafu, akasema VAR. Daktari amesema.

Alicheka, akaliinua birika zito la Mama Kui, akatuongeza kahawa mmoja mmoja kwa mikono miwili.

— Kui ameniambia kesho mtaa wote unakwenda kumshangilia.

— Gari mbili zimejaa, na filimbi!

— Vizuri sana, anastahili. Kwetu ni mbali, na kocha wangu atakuwa upande wa pili na wavulana. Naomba kuuliza tu, wajomba. Nikipata pointi, nani atanipigia makofi?

Vikombe vikaenda midomoni.

— Jibuni, akasema Mama Kui, mikono kiunoni. Si mko na midomo?

VAR akamtazama Pasta Nusu. Pasta Nusu akatazama viatu. Sufuria peke yake ndiye aliyekuwa bado ameshika pumzi tangu ile “Shika!” ya Pasta, uso umekuwa zambarau, macho yakienda kwa mgeni yakirudi kwa Mama Kui, na hakujua aitoe upande wa nani.