Ufunguo wa Shingoni mwa Bi. Jongkol

Bi. Jongkol Thipsuk, mtahini mwandamizi wa madereva katika Ofisi ya Leseni ya Nong Phai Kham, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Septemba, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Katika rasimu ya kwanza niliandika miaka thelathini na saba, kwa nia njema ya kumwongezea heshima. Kesho yake rasimu ilirudi mezani kwangu na wino mwekundu: miezi minane hiyo hakuifanyia kazi, na hataki kustaafu nayo.

Basi msomaji ajue mapema kwamba wasifu huu una watu wawili. Mimi, Wirot Bunma, mkuu wa kitengo cha mitihani, nimeandika, na yeye amesahihisha. Utaratibu wetu unataka mstaafu asome yanayoandikwa juu yake kabla hayajapigwa chapa. Wote niliowahi kuwaandikia walisoma, wakafuta machozi, wakasema asante. Huyu aliomba rula.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa kupokea fomu. Miaka mitano baadaye akapelekwa uwanjani, kwenye koni na mistari myeupe, na huko ndiko alikobaki. Jua la Aprili lilimkuta pale na mvua za Agosti zilimkuta palepale, kofia pana ya majani kichwani, tepu ya kupimia mfukoni. Kwenye rasimu nilisema amewatahini madereva laki moja. Alikata, akaandika kuwa hajawahi kuwahesabu, na mimi pia sijawahi.

Mmoja wao ninamfahamu vizuri. Nilipohamia hapa nilikuwa kijana mwenye pikipiki, nikataka leseni ya gari, nikaenda uwanjani na kitambulisho cha ofisi kifuani nikidhani kitanisaidia kuegesha. Kanuni inataka gari lisizidi sentimita ishirini na tano kutoka ukingoni. Bi. Jongkol akapiga magoti, akapima, akasema ishirini na saba. Nikamweleza kwamba mbili hizo ni za nyasi. Akanieleza kwamba nyasi hazina fomu. Nilirudia mara tatu, na kila mara watu wa kaunta walisogeza viti dirishani, na mama muuza supu ya tambi pale getini akaacha sufuria ichemke peke yake ili asipitwe. Tangu siku hiyo ananiita mdogo wangu, hata nilipokuja kuwa bosi wake.

Kuhusu zawadi niliandika kwa mbwembwe kwamba hajapata kupokea hata punje ya mchele kutoka kwa mtahiniwa. Wino mwekundu ukasema: aliwahi kula wali uliopikwa ndani ya mwanzi aliokuta mezani, akidhani ni wa ofisi, kumbe uliletwa na dereva wa lori aliyekuwa anasubiri matokeo. Aliandika tukio hilo katika daftari la zawadi, akampelekea mwenyewe wali mwingine, kisha akamfelisha kwa kutowasha taa ya kugeukia. Mimi katika daftari hilo sina hata mstari mmoja, na wanaojua mwili wangu unavyonenepa kila Mwaka Mpya wasiniulize kwa nini.

Kisha nikafika kwenye ufunguo. Kila anayemjua Bi. Jongkol anaujua: ufunguo wa droo, umefungwa kwa kamba ya kiatu, unaning'inia shingoni mwake miaka kumi na mmoja sasa. Huenda nao kula, huenda nao hekaluni, kwenye harusi ya binti yangu alikuja nao juu ya hariri. Tumeutania sana, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Niliandika aya nzima ya kuchekesha juu yake, nikaimaliza kwa kusema kwamba anauvaa kwa sababu ambayo hakuna anayeijua.

Aya hiyo hakuikata. Pembeni aliandika maneno mawili tu: sababu inajulikana.

Nilikaa na karatasi hiyo siku tatu. Nilifikiria kuifuta aya yote, nani angejua? Nilifikiria kuumwa, na kwa kweli nilianza kukohoa. Lakini wapo wengi hapa ofisini na sokoni ambao mpaka leo wanaamini Bi. Jongkol, mara moja maishani, alimpendelea mtu. Akiondoka Jumatatu bila neno hilo kusahihishwa, ataondoka nalo, na baada ya hapo hakutakuwa na rasimu nyingine. Kwa hiyo nikatupa dawa ya kikohozi nikakaa chini kuandika.

Mwalimu Chaluai, marehemu baba mkwe wangu, ndiye aliyemfundisha Bi. Jongkol kuandika jina lake. Alipokuwa na miaka sabini na minne alikuja kuhuisha leseni. Rangi alizitaja, breki aliikanyaga kwa wakati, ila mtihani wa sindano ukamshinda. Ni kisanduku chenye sindano mbili, moja imesimama, nyingine unaisogeza kwa kitufe mpaka zilingane, nawe umekaa mbali. Mara tatu Mwalimu alibonyeza, na mara tatu ya kwake ikabaki nyuma kiasi cha kiganja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikimkonyeza Bi. Jongkol mpaka jicho likaniuma.

Aliweka kalamu chini. Akakutanisha viganja, akainama mpaka vidole gumba vikagusa nyusi, kama mwanafunzi siku ya kuwaheshimu walimu. Kisha akasema, “Mwalimu, ulinifundisha kusoma kilichoandikwa, si ninachotamani kiwe kimeandikwa. Hapa imeandikwa hujafaulu.”

Mzee alichukua kofia yake akaondoka. Nyumbani hakula, mke wangu akanuna, na mimi nikaona kwamba mwanaume mwenye cheo hawezi kulala na mke aliyenuna kwa ajili ya sindano mbili. Kesho yake mchana Bi. Jongkol alipokwenda kunywa supu ya tambi, nilifungua droo yake. Siku zile hakuna aliyefunga droo. Nikatoa muhuri wake na fomu ya mzee, nikagonga palipoandikwa amefaulu, nikachora saini ambayo hata daktari angeionea haya. Nilimpelekea mzee leseni nyumbani nikamwambia Jongkol amefikiria upya. Alifurahi mno, jioni ile soko zima likawa limeshasikia.

Siku ya kumi na mbili Mwalimu alinunua shada la maua ya yasmini, akapanda pikapu yake, akaja kumshukuru mwanafunzi wake. Geti aliliona liko mbali kuliko lilivyokuwa. Alilikosa, akapanda ukingo, akakiangusha kijumba cha mzimu anayelinda ofisi yetu, pamoja na chupa zote za soda nyekundu tulizompa mzimu asubuhi hiyo. Nilitoka mbio, nikaona wekundu ukitiririka kwenye saruji, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Mama wa tambi ndiye aliyechovya kidole, akalamba, akaniambia niamke ni soda. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya usukani mzima wa afya, shada mkononi. Leseni aliirudisha yeye mwenyewe siku hiyohiyo.

Kikao kiliitishwa. Mkuu wa ofisi wa wakati huo aliinua fomu, akauliza muhuri ni wa nani. Bi. Jongkol alisimama. “Muhuri ni wangu. Niliuacha kwenye droo isiyofungwa. Kosa hilo ni langu, liandikwe.” Akaulizwa nani aliutumia. Akajibu kwamba hakumwona, na asichokiona hakisemi. Mimi nilikuwa viti viwili kutoka kwake, ninahesabu mapanga ya feni. Yalikuwa matatu. Niliyahesabu mpaka kikao kikaisha.

Alipewa onyo la maandishi, na mwaka ule hakupandishwa daraja. Mwaka uliofuata nikapandishwa mimi. Mtaani wakasema alimbeba mwalimu wake kisha akajitetea kwa habari za droo, nami nilisikia, nikanywa chai yangu. Alianza kuuvaa ufunguo wiki ileile. Alijua lini kwamba ni mimi, sijui, na sijathubutu kumwuliza.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye karatasi itakayosomwa na kila mtu: sababu ya ufunguo ule ni mimi. Bi. Jongkol hakumfaulisha Mwalimu Chaluai. Hajamfaulisha mtu yeyote asiyestahili, na kosa pekee alilowahi kufanya katika jambo hili alilitangaza mwenyewe, amesimama. Barua yangu yenye maelezo haya iko kwa Mkuu wa ofisi tangu Jumanne. Nimemwomba pia Jumatatu ufunguo usikabidhiwe kwangu, ingawa kwa cheo ni mimi niliyepaswa kuupokea. Apewe mtahini mpya, naye afundishwe historia yake yote.

Rasimu hii ya pili nilimpelekea Bi. Jongkol kama utaratibu unavyotaka. Imerudi leo asubuhi. Palipoandikwa siku ya kumi na mbili ameandika kwa wino mwekundu kwamba ilikuwa ya kumi na tatu. Chini kabisa ameandika: “Mdogo wangu, sasa iko ndani ya sentimita ishirini na tano. Ipigwe chapa.”

Dada Jongkol, ofisi nzima inakushukuru, na mimi peke yangu nakuomba radhi. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na nyumba unayoiendea iwe na droo zisizohitaji ufunguo.