Masizi Chini ya Chungu

Ndugu zangu wa Ngonga, ndaga. Asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama. Kiswahili changu ni cha darasa la misheni, tena sikulimaliza, kwa hiyo nikiteleza mnicheke, mimi sikasiriki.

Ninayoikumbuka kwanza ni sauti. Sisi wa kule Matema tunaofinyanga tunajua: chungu kilichoiva, ukikivunja, hulia kama kengele. Ambacho hakikuiva kinasema puu, basi. Siku ile kwenye matete, pale mitumbwi inapotia nanga ikileta vyungu kwenu, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope, nikasikia vyungu vya mama vikilia kimoja kimoja. Wanyang'anyi walichukua walivyoweza kubeba, vilivyobaki wakavipiga marungu wakicheka. Vyote vililia vizuri. Nawaambia kweli, katikati ya hofu ile kijisehemu cha moyo wangu kilisema, aa, mama alivichoma sawasawa.

Kisha nikasikia rungu likitua mahali pengine, na hiyo sauti sitaieleza. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anapiga kasia. Hakuiona jioni ya siku ile.

Mnalijua genge lile. Wapagazi waliotoroka safari, watu saba hivi, na mmoja wao alivaa kofia ya askari aliyoipata anakojua mwenyewe. Walipora huku, wakifukuzwa wanavuka Songwe kwenda kwa Mwingereza, na askari wa Mdachi wanabaki ukingoni wakitazama maji. Kila mtu alilia kwamba serikali ije. Mimi nililia kuliko wote.

Ikaja. Ndugu zangu, ninyi mliiona. Haikuja kuuliza, ilikuja kuonyesha. Nyumba zilizokuwa karibu na matete zilichomwa kwa kuwa, walisema, wenyewe lazima waliwalisha wale watu. Migomba ikakatwa. Mimi nilifuata nyuma ya askari, na wala sikuona huruma. Niseme ukweli: nilikuwa nafurahi. Nilikuwa na kaka mmoja tu.

Ombasha, mkubwa wa wale askari, aliniambia nitazame vyombo katika kila nyumba, kwa kuwa nilijua vya kwetu. Nyumba ya nne nikakiona. Chungu cha ukubwa wa kati, na shingoni kina yale mapambo ya mama, mistari ya kuchanja na vidole viwili vya kubonyeza kila mahali mistari inapokutana. Hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Nikapiga kelele, "Hiki ni chetu!"

Mwenye nyumba, mkulima, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alitabasamu. Alidhani naulizia habari tu.

"Ni cha kwenu kweli, mwanangu. Mama yako ndiye aliyenipa. Nilikijaza mpunga, yeye akakitikisa, nikajaza tena, akakitikisa tena. Nikamwambia, mama, utanimalizia ghala!"

Na ndivyo biashara yetu ilivyo, wote mnajua: chungu unakipata kwa kukijaza nafaka, unamimina kwenye kikapu cha mfinyanzi, mnaagana. Na mama yangu hutikisa kweli. Mambo yale yalikuwa ya mama matupu! Mtu asiyemjua asingeweza kuyatunga.

Ombasha akanigeukia. "Anasema kweli?"

Nikasema, "Ni mwongo."

Walimlaza palepale uani. Hamsa ishirini ya kiboko, mapigo ishirini na tano, mbele ya mke wake na watoto. Kisha mnyororo shingoni, safari ya bomani. Ombasha akanikabidhi chungu kama zawadi. "Serikali imekurudishia mali yako," akasema.

Nilikipeleka nyumbani. Mama alikuwa ameketi majivuni, bado katika msiba. Nikamwambia, wamemkamata mmoja, chungu chako hiki hapa. Akakipokea, akatazama shingo, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akafanya kile ambacho mfinyanzi yeyote hufanya kabla ya kusema neno. Akakipindua.

Mkono wake ulitoka mweusi.

"Vyungu vyetu vilivyoporwa vilikuwa vipya," mama akasema. "Havijawahi kukaa jikoni hata siku moja. Hiki kimepika mwaka mzima. Wewe mtoto, ulitazama shingo tu?"

Ndugu zangu, mimi nimekulia kwenye udongo. Moto wa kuchomea unaacha wekundu na madoa. Masizi ya jikoni ni kitu kingine, yanang'ang'ania. Hata mtoto wa miaka sita kwetu anajua. Nilitazama shingo kwa sababu shingo ilinipa nilichotaka. Chini sikutazama.

Mama akasema, "Kesho nenda ukaseme." Sikwenda. Nilisema ninaumwa. Nilisema mvua. Kwanza niliogopa kiboko. Na jambo la pili, baya zaidi, nilijiambia kaka hawezi kulala bure, lazima mtu awe kwenye mnyororo, hata kama ni yule. Nikaacha darasa la ubatizo. Mimi niliyekuwa ninaota kufinyanga chungu cha kuingia mtu mzima, hata kibakuli cha chumvi kilinishinda. Kila nilichoshika kilipasuka kabla ya kukauka. Mvua ikaanza, mpunga ukapandwa, mimi bado nimejifungia.

Kisha siku moja mke wa yule mkulima akatokea kwetu. Alikuwa ametembea kutoka huku mpaka Matema, mtoto mgongoni, kikapu cha mpunga kichwani. Nilimtambua nikataka kukimbilia nyuma ya nyumba. Akasema, "Usikimbie, binti. Sikuja kugombana. Nimekuja kuchukua chungu. Watoto wanakula ndizi za majirani, za kuchoma, tangu siku ile, sina cha kupikia."

Mnasikia? Alikuja na mpunga wake, kama mteja yeyote, kwa mtu aliyemfunga mumewe, akataka kujaza.

Niliingia ndani nikakitoa chungu kilekile. Sikuwahi kukisugua. Akakipindua naye, akapitisha kidole. "Masizi yangu haya," akasema taratibu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia mpaka mama yangu akaniambia, basi, utamwogopesha mtoto.

Nikamwambia yule mama, "Usinijazie hata punje. Twende bomani. Nitasema."

Akanitazama sana. "Watakupiga."

"Najua."

"Basi kula kwanza," akasema. "Njia ni ya kupanda."

Tulipanda siku mbili, sisi wawili na mzee mmoja wa kanisa lenu, ambaye hakunihubiria hata neno moja njiani, akawa ananishika mkono penye utelezi. Bomani tulikaa uani mpaka mchana. Bwana Shauri, yule Mdachi anayeamua kesi, alisikiliza kupitia karani. Nikakiweka chungu mezani kwake, nikakipindua. Nikaeleza shingo, nikaeleza chini. Yule Mdachi akagusa masizi kwa kidole, akakitazama kidole chake kwa muda, akakifuta kwa kitambaa.

Karani akaniambia, "Unajua adhabu ya kuidanganya serikali?"

"Najua, bwana."

"Kwa hiyo unasema serikali ilikosea?"

"Mimi ndiye niliyekosea."

Hapo wote wakaonekana kupumua. Jibu hilo walilipenda. Kwa nini hakuna aliyetazama chini ya chungu kabla ya kiboko, hilo hawakuliuliza, na mimi sikuthubutu. Nikahukumiwa mwezi mmoja wa kubeba mawe ya ukuta wa boma. Siku ya tatu nikiwa na jiwe kichwani nilimwona yule baba akifunguliwa mnyororo. Alipita karibu nami. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia. Hauinuki mpaka leo, mnajua.

Na wale wanyang'anyi? Wawili walikamatwa baadaye, kwa kuwa wavuvi wa Katumba Songwe hatimaye walisema walipojificha. Walijua tangu mwanzo. Mvuvi mmoja aliniambia mwenyewe: "Tungesema wapi, dada? Aliyesema kwanza ndiye aliyechomewa nyumba, eti aliwalisha." Nimelibeba neno hilo. Ninyi mliochomewa hamkuwa wezi, na waliomuua kaka yangu walikuwa wanaota moto ng'ambo ya mto huku sisi tukiumizana.

Ninamshukuru mama yangu, ambaye hakunificha ukweli. Ninamshukuru yule mzee. Na yule mama aliyeketi pale, simtaji jina, anayeficha uso kwa kanga: ndaga fijo, mama. Uliniambia nile kwanza. Sijui ulipata wapi moyo huo.

Fundisho langu ni dogo, la mfinyanzi. Ukiumizwa, utaona unachotaka kuona. Kabla hujanyoosha kidole, kigeuze kitu, kitazame upande usioutaka. Na ukishakosea, usingoje mvua ipite. Mwenzio yuko kwenye mnyororo wakati wewe unangoja.

Msamaha wa yule baba sikuuomba hadharani, na leo siuombi. Ni wake, atautoa au hatautoa.

Asubuhi hii, kabla hamjakusanyika, nilikwenda peke yangu kwenye shamba lake. Mpunga umeanza kuzaa na ndege ni wengi, na mtu asiyeinua mkono hawezi kuwarushia madongo. Niliwafukuza mpaka jua likatoka. Nilipoona mlango wa nyumba unafunguliwa, nikaosha tope mikononi, nikaja huku.