Dada Mkubwa Ahama Dirisha la Usajili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya usajili wa biashara, Dada Mkubwa anastaafu. Tungependa kumwandikia kwa furaha tupu, lakini mwaka huu furaha imetupita kando.

Alianzia masjala, akapiga chafya za vumbi la mafaili, kisha akapewa dirisha la wateja. Hapo ndipo alipong'ara. Kuna mwenye duka la vifaa aliyechoresha bango akaweka namba ya mlipakodi akidhani ndiyo ya kampuni, na kampuni yenyewe hana. Dada Mkubwa alicheka naye hadi machozi, ndipo akamweleza: ile ni ya kodi tu. Namba ya jina la biashara huonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Namba ya kampuni ni ya mtu mwingine kabisa kisheria, yaani kampuni yenyewe, mwenye mali na madeni yake, ambaye hafi mwenye hisa akifa.

Binti wa Dada Mkubwa mwenyewe, fundi cherehani tuliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alitaka jina la biashara tu. "Mama, nashona magauni, sijengi reli!" Mama akashikilia kampuni, kwa kuwa binti alishaajiri mafundi wawili. Wakaisajili pamoja: Chiriku Mavazi.

Mwezi Machi Chiriku aliugua ghafla, akatutoka.

Baada ya matanga, Dada Mkubwa alikuja akapanga foleni upande wa wateja. Tulimwita ndani, akakataa. Zamu ya dirishani ilikuwa yangu. Nikamweleza yaleyale aliyonifundisha: kampuni ipo, namba ni ileile, hisa za marehemu zitakwenda kwa mrithi, yaani yeye mama. Alisikiliza kama mgeni wa mambo hayo.

"Na jina lake, mdogo wangu, mtalifuta?"

"Kwenye hisa litatoka, Dada. La kampuni linabaki."

Akalaza kichwa kwenye kaunta, akalia.

Mafundi wale wawili bado wako kwenye vyerehani vyao. Kuanzia Julai, Dada Mkubwa, ambaye hata kifungo hushonewa, ndiye atakayewafungulia mlango kila asubuhi.

Dada, asante kwa kutulea. Mungu akushike mkono unapozungusha ufunguo, asubuhi ile ya kwanza hasa.