Salamu ya Tarehe Tisa

Waliokuwepo kwenye benchi lile walikuwa wanne. Wa kwanza ni Kaimu, karani mstaafu wa posta, aliyepata jina hilo kwa kukaimu ukuu wa ofisi miaka kumi na moja bila kuthibitishwa. Wa pili ni Dobi, ambaye hata mkewe hakumwita vinginevyo. Wa tatu ni Mama Birika, mwenye kahawa na mwenye benchi. Wa nne ni Fundi Saa, aliyeketi pembeni, simu juu ya goti.

Siku hiyo Fundi Saa alitimiza miaka sabini na mbili. Vyeti vyake vilisema Julai mosi, kwa kuwa mwalimu mkuu wa enzi zile aliwaandikia Julai mosi watoto wote waliofika shuleni bila tarehe. Tarehe ya kweli, tisa Novemba, aliishika dada yake peke yake, kwani ndiye aliyetumwa mbio kumwita mkunga. Kila mwaka alipiga simu kabla kikombe cha pili hakijamiminwa, akasema maneno yale yale: "Umezaliwa, mdogo wangu." Leo Fundi Saa alikuwa kwenye kikombe cha nne.

Jambo hilo lilipomtoka, benchi lilichangamka. Dobi alisimulia alivyotimiza hamsini: alialika watu thelathini, wakaja watatu, na mmoja wao alifuata suruali yake. Kaimu naye akaikumbuka keki aliyonunuliwa ofisini, iliyoandikwa jina la bosi aliyekwisha kuhamishwa. Aliila hivyo hivyo, akianzia na jina.

— Tangu siku ile nimewajua watu, alisema Dobi. Anayekupenda ni yule ambaye nguo yake bado iko kwako.

— Hujawajua, Kaimu akamjibu. Mpe kila mtu tarehe yake ya uongo. Shemeji mpe Machi, jirani mpe Agosti. Jirani akikupongeza Machi, ujue wanakusengenya pamoja.

— Utazeeka mara kumi na mbili kwa mwaka, alisema Mama Birika bila kuinua macho.

Fundi Saa alicheka kwa adabu tu. Wazazi walikwisha kutangulia, na kaka zake pia. Duniani hapakuwa tena na mtu mwingine wa kumwita mdogo, na masikio yake yalikuwa na njaa ya neno hilo.

— Si umpigie wewe? aliuliza Mama Birika.

— Mimi ndiye niliyezaliwa. Kupiga ni kazi yake.

Kaimu akakohoa, akatoa hukumu. Alisema hakuna binadamu anayesahau hivi hivi. Kusahau ni kazi, mtu hukaa chini akakufuta herufi moja moja.

— Basi dada amenichoka, alisema Fundi Saa, akaigeuza simu kifudifudi.

Hapo ndipo mpwa wake, binti mkubwa wa dada huyo, alipovuka barabara na kusimama mbele yao. Aliwaamkia wote, wakaitikia. Alipopishwa nafasi, hakukaa.

— Mjomba, mama alizaliwa tarehe ngapi?

Fundi Saa alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Tarehe hakuijua. Mwezi pia hakuujua. Alimtazama Kaimu, kana kwamba posta ingekuwa nayo. Katika simu zote zile hakuwahi hata mara moja kumuuliza.

— Kwani mwenyewe hakuwaambia?

— Kila tulipomuuliza alisema yake si kitu, tuishike ya mjomba. Kitambulisho chake kina mwaka tu.

— Na leo mnaitaka ya nini?

— Kuna fomu ya hospitali, mjomba, hapo tumepaacha wazi. Mama amefariki leo saa kumi na moja alfajiri.