Ndege Yenye Jina: Risala ya Bamama Wafagiaji wa Uwanja wa Baraka

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa mambo ya anga. Wakubwa wa serikali, mapadri na wapasta, bababa na bamama, na ninyi batoto mlioketi kwenye mkeka:

Kabla hatujakusalimu, tunaomba usikie kwanza sauti moja. Ni alfajiri, nyumba ingali giza, moto haujawashwa. Kule kwenye kichanja kifuniko cha sufuria kinaanza kutetemeka chenyewe: tiri-tiri-tiri. Hakuna aliyekigusa. Masikio bado hayajapata kitu, lakini kifuniko kimeshajua kwamba kuna ndege inakuja. Kila mama wa hapa anaijua sauti hiyo. Imetulea.

Sasa jambo sana, Mgeni rasmi!

KARIBU

Karibu kwenye uwanja wetu wa udongo. Tumeufagia mara mbili kwa ajili yako, na mbuzi wa Mama Dorothée, kiongozi wetu, wamefungwa tangu jana. Hata siku ya harusi yake hawakufungwa.

Kazi yetu ni kung'oa majani, kujaza mashimo baada ya mvua, na kufukuza wanyama ndege inapokaribia. Wengi wetu tumejua kusoma katika masomo ya jioni, pale kanisani, mtoto mgongoni. Kwa hiyo ukisikia sentensi imelegea, ujue palepale mtoto alilia.

TULIKOTOKA

Tulizaliwa ndani ya vita na tumezalia ndani ya vita. Zamani kifuniko kikitetemeka hatukuuliza. Ulizima moto, ukabeba mtoto, ukakimbilia shamba la muhogo. Mtu akikwambia "ngoja kwanza tuangalie," ulimwona adui wa watoto wako, kwa sababu ndege ya askari na ndege ya dawa zinanguruma namna moja.

Mwaka ule surua ilipoingia mji jirani wa Mboko ikashuka hadi kwetu, ndege ya chanjo ilitua hapa ikakuta uwanja mtupu. Rubani alisubiri, akaogopa, akaruka tena na chanjo yake. Sisi tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye muhogo, tumewaziba watoto midomo wasilie. Majina ya wale tuliowazika mwezi uliofuata hatutayasoma leo, kwa sababu tumekuja na furaha.

KISANDUKU

Furaha yenyewe ni ile pale juu ya nguzo. Ofisi yako ilimtuma fundi Norbert na kisanduku kidogo kama redio ya mzee, antena nyembamba, paneli ya jua na kioo cha kusomea. Alitufundisha kwamba ndege inajitangaza angani bila kuchoka: mimi ni fulani, niko juu kiasi hiki, naelekea kule. Viwanja vikubwa vinafuatilia ndege kwa mitambo ya bei ya kutisha. Hiki chetu kinasikiliza tangazo hilo kwa bei ya pikipiki iliyokwisha tumika, na kinaandika jina la ndege kwenye kioo.

Mama Dorothée akamuuliza: "Na ndege yenye haisemi jina yake?"

"Hiyo, mama, kisanduku hakiwezi kuiona."

"Basi iko sawa na mugeni mwenye hapige hodi. Ile tutaikimbia."

"Muikimbie," Norbert akasema, wala hakucheka.

Hiyo ndiyo sheria yetu hadi leo. Kifuniko kikitetemeka, mtu mmoja anaenda kwenye kioo. Iko na jina? Tunachukua fagio na kufukuza mbuzi. Haina jina? Shamba. Vifuniko hatujavitupa, Mgeni rasmi. Kifuniko kinasema ndege iko, kisanduku kinasema ni nani.

SIKU YA SUFURIA

Tutalisema wenyewe, maana tunajua limeshafika kwenye ofisi yako.

Mvua kubwa ilianza. Mama Dorothée akatazama nguzo, akapiga kelele: "Bamama, mutoto wa benyewe atalowa!" Tukapandisha sufuria, tukaifunika antena, tukaifunga vizuri kwa kipande cha kitenge. Tulilala na roho nyeupe.

Kesho yake kifuniko kikatetemeka. Kioo kitupu. "Haina jina!" Tukakimbia wote, hata muuguzi wa zahanati, kiatu kimoja mkononi. Tukasikia ndege inatua. Kisha kimya. Baadaye harufu ya maharage ikatufuata hadi kwenye muhogo, na watoto wakachungulia.

Walimwona Albert, rubani anayetuletea chanjo siku hizi, amechuchumaa penye jiko letu la pembeni ya uwanja, mwiko mkononi.

"Maharagi yenu ilitaka kuungua," akasema.

Mama Dorothée akatoka na majani kichwani: "Mukwe mwenye kujua kupika! Siku yote hiyo ulikuwa wapi?"

Albert alionyesha nguzo, akacheka mpaka akashika bawa la ndege. "Bamama, mumeziba kisanduku masikio! Chuma hakipitishe sauti ya ndege."

Tulipomaliza kucheka tulimuuliza kwa nini hakuruka tena kama yule wa zamani. Akajibu: "Niliona sufuria. Muntu mwenye kufunika kitu sababu ya mvua hajakiacha. Nikajua mutarudi."

Siku hiyo watoto wote walichanjwa. Maharage pia yalikuwa matamu.

MLIMANI

Ndege nyingine zinapita kwetu zikielekea Minembwe, kule juu mlimani. Huko yuko mama Mukarurangwa, aliyekuwa akituuzia maziwa sokoni kabla njia haijafungwa na vita. Tukiona kwenye kioo ndege imeelekea kwao, tunambipu: simu inalia mara moja, tunakata. Anajua aondoe ng'ombe kwenye uwanja wao. Wanaume wetu na wanaume wao wana maneno yao. Sisi tuna bipu.

Mara moja tu alipiga simu kamili, akala uniti zake, ili aseme: "Dorothée, ule rubani wa mwiko mutuletee na sisi!"

Lakini ndege ikishuka nyuma ya mlima kisanduku chetu kinaipoteza. Kuanzia hapo Mukarurangwa anabaki na masikio yake peke yake.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, tumeambiwa muda wa majaribio umekwisha na kisanduku kinatakiwa kwenye mji mkubwa. Hakuna aliyetuonyesha barua. Ila sisi ni wanawake, mzigo wa mtu tunautazama, na tumeliona lile sanduku la mbao nyuma ya gari lako, lenye majani makavu ndani na kifuniko wazi.

Ombi letu ni kwamba lirudi tupu.

Au lirudi na mihogo yetu, tumeshaiandaa. Na ukipata kisanduku cha pili, usikilete Baraka. Kipandishe Minembwe, tutasikilizana. Tukisahau tutajilaumu: antena ipewe kofia ya plastiki, ili sufuria irudi jikoni.

Mungu aliyetuwekea ziwa upande huu na mlima upande ule akulinde katikati. Gari lako lisikwame, nyumba yako isikose moto, na kila mlango utakaopiga hodi wakuitikie kwa jina.

Ni sisi, Bamama Wafagiaji wa Uwanja wa Ndege, Baraka, Fizi. Imesomwa na Clarisse, mama Vainqueur.

Neno la mwisho tumemwachia Vainqueur mwenyewe. Jana asubuhi kifuniko kilitetemeka, mama yake, kwa mazoea ya zamani, akatafuta mkono wake wakimbie, kumbe yeye alikuwa ameshatoka mbio mpaka kwenye kioo na kurudi. Atapanda juu ya kiti, aseme alivyosema:

"Mama, iko na jina, endelea kupika."