Jina la Mgongoni

Bibi mmoja aliketi nyuma ya wanaume wawili basini, akiwasikiliza. Mmoja, mchoraji wa katuni, alikuwa amevaa deraya ya mabati ya shujaa wake wa katuni asiyejulikana na mtu, akienda kiwanda cha rangi kuomba udhamini wa katuni zake. Jirani yake, fundi cherehani, alimcheka huku amempakatia kofia ya bati isibonyee.

“Wadhamini hutaka jina lao kifuani, kaka.”

“Kifuani pana jina la shujaa mwenyewe. Nitawapa mgongoni.”

“Si ulisema shujaa wako hajawahi kumkimbia adui? Adui atalisomea wapi?”

“Adui ana haja gani na rangi? Watalisoma wale anaowakinga nyuma yake.”

“Watakufukuza!”

“Wanifukuze. Kifua hakiuzwi.”

Basi likasimama. “Mpisheni shujaa!” fundi akapaza sauti, ingawa alikuwa bado hajakubaliana naye.