Daktari Germaine Chisanga na Swali la Kasomeno

Germaine Chisanga alizaliwa katika kijiji cha Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa Sylvain Chisanga, mchuuzi wa samaki wakavu. Mama yake, Mwape, alifariki mapema. Aliyemlea ni Shangazi Chama, dada wa baba, ambaye leo ameketi hapa mbele ya jeneza, kwenye mkeka.

Mwaka 1981 baba aliugua. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba kama ngoma, akafa. Siku hizo majirani bado walikuja matangani na kuni, kila mtu na gogo lake, wakauota moto pamoja na wafiwa mpaka machozi yaishe. Lakini safari ile wazee walitaka kwanza kujua ni nani alikuwa akimpikia marehemu. Macho yote yakamgeukia Chama, aliyempikia samaki. Germaine, mtoto wa miaka kumi na miwili, akasimama katikati ya watu.

“Ile samaki na miye nilikula. Juu ya nini miye sikukufwa?”

“Nyamaza, mutoto! Bakubwa banasema.”

Chama alifukuzwa na beseni lake kichwani, na Germaine akamfuata hadi Lubumbashi.

Walijenga kibanda Annexe, pembezoni mwa mji. Shangazi alilima lengalenga na viazi vitamu, Germaine akasoma. Alipata diploma ya Serikali, kwa kufaulu mtihani wa mwisho wa sekondari uitwao examen d’État, mwaka 1987 na udaktari mwaka 1996, kisha akaenda Ubelgiji kusomea patholojia, yaani kazi ya kukata kipande chembamba cha nyama ya mgonjwa au ya maiti, kukitia rangi na kukitazama kwa hadubini mpaka kiseme kilichotokea. Alirudi mwaka 2004. Wenzake wengi walibaki huko, na ukiangalia barabara zetu na umeme wetu, ni vigumu kuwalaumu.

Kabla ya safari hiyo, mwaka 1998, alifunga ndoa na Gauthier, fundi wa reli, wakakaa mtaa wa Hewa Bora na kupata mabinti wawili. Aliyealikwa kula kwao alijua kungoja, kwa sababu Germaine alichambua karanga moja moja na kutupa zenye ukungu. Gauthier aliwaambia wageni, “Muvumilie. Mu hii nyumba karanga inapitaka examen d’État mbele ya kuingia mu sahani.”

Kwa miaka kumi alikusanya vipande vya maini ya watu waliokufa na matumbo yaliyovimba, wale ambao familia zao zilikuwa zimeshamtaja mchawi. Makala yake yalitoka mwaka 2014 katika jarida la Ulaya. Yalionyesha kwamba wengi wao waliliwa ini polepole na virusi vya homa ya ini, ambavyo wengine walivipata utotoni, na kwamba karanga na mahindi yenye ukungu vilizidisha ubaya. Wataalamu wa nchi nyingi waliyategemea katika maandishi yao. Faustin, mwenzake wa maabara, alikuwa akiingia mbio na habari.

“Docteur, bamekutaja tena! Safari hii ni Japon!”

“Japon, sawa. Na Kasomeno?”

Mwaka 2015 aliyapeleka mwenyewe Kasomeno. Walimchinjia kuku, wakamsikiliza vizuri, kisha mzee mmoja akamwambia kwa upole, “Docteur, ile iko ya Bazungu. Bazungu habaroganaka.” Shangazi Chama, aliyefukuzwa kule, alibaki Annexe. Germaine hakuwahi kulalamika juu ya siku ile, ila tangu hapo, alipopongezwa kwa makala yake, alikatiza na kuuliza kama mgeni ameshakula.

Mwaka jana alianza kukonda. Alijipima, akakuta virusi vilevile, vilivyokaa naye pengine tangu Kasomeno. Miezi ya mwisho hakuweza kumeza ila uji wa Shangazi Chama, aliyehamia Hewa Bora kumpikia. Alifariki nyumbani, Jumapili alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Zamani watu walileta kuni. Siku hizi viti hukodiwa, bia hupoa kwenye barafu, na watu huleta swali. Usiku wa pili wa matanga haya, nyuma ya turubai, limeulizwa tena: “Nani alikuwa anamupikia?” Germaine alijua litaulizwa. Aliagiza kipande cha ini lake kikatwe, Faustin akisome, na jibu lisomwe leo, kabla ya udongo. Jibu ni hili: saratani ya ini, iliyoletwa na virusi vya homa ya ini. Sumu haikuwamo. Mkono wa mtu haukuwamo.

Anaacha mume, Gauthier. Mabinti, Léa na Syntiche. Kaka, Clément, anayesoma maneno haya. Na Shangazi Chama, ambaye kwa agizo la marehemu atatupa udongo wa kwanza. Wazee wa Kasomeno waliokuja wanaombwa wampishe njia, na aliye karibu amshike mkono, kwa maana amechoka.

Germaine, Kasomeno wamesikia. Sasa lala kwa amani.